Theluthi ya Moshi

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Huku tu wazima sote, na naomba barua hii ikukute umekaa kitako kwenye kiti chako kipya, si unapanda na kushuka ngazi. Tangu uapishwe kuwa mbunge nimekupigia simu mara kadhaa. Kila mara unasema, "Nitakupigia, mwanangu," na nyuma yako nasikia watu kama harusini. Mama kaniambia niache kukusumbua, niandike, maana barua haimkatizi mtu maneno.

Habari za nyumbani ni nzuri. Mkweo ana mimba ya miezi sita na hataki kusikia harufu ya sabuni, kwa hiyo nguo nafua mimi, na majirani wanapita taratibu ili waone vizuri. Goti la Mama limetulia. Baba bado anaamka saa ya zamu kama vile hakustaafu. Anavaa, anafunga kamba za viatu, ndipo anakumbuka. Siku hizi akishakumbuka anatoka uani kutengeneza viti vya watu. Anakusalimu sana.

Sasa lililonikalisha chini. Tanuru letu la vioo limezeeka. Kuta zimelika, na wenye kiwanda wanasema ni lazima lijengwe upya mwaka huu. Kwa kawaida wangekuwa wameshaagiza matofali, lakini wamesimama wanalisikiliza Bunge. Inasemekana mtaweka lengo la nchi la kupunguza moshi, na tanuru linalochoma mafuta mazito kama letu litatozwa mpaka lishindwe kujilipa. Kweli au uvumi?

Nauliza kwa sababu kiwandani wananiona mimi ndiye dirisha la Bunge. Nikisema sijui, wanasema naficha. Nipe basi hata fununu, ili nifiche kitu cha kweli.

Mwanao,
Chupa


Tarehe 27 Februari

Mwanangu Chupa,

Mama yako ana akili kuliko sisi wote. Simu yangu si yangu tena. Anayepiga ni mpiga kura, na mpiga kura hana habari fupi. Barua yako nimeisoma jikoni, nimesimama, kwa kuwa meza imejaa karatasi za kamati na kiti kimoja kati ya viwili hakina mguu wa kuaminika.

Nakaa ghorofa ya tatu. Bomba la maji linaimba kabla ya kutoa maji, nami nimeshauzoea wimbo. Dirisha linatazama maegesho ya magari ya wizara, na asubuhi mlinzi wa pale ananipungia mkono kabla hajampungia waziri. Sijambo, mwanangu, tena nina furaha, usije ukawaambia wenzako kwamba nateseka. Mwambie mkwe wangu apumzike, na wewe fua. Shingo ndefu kama hiyo, iliyokupa jina tangu utotoni, haijawahi kumzuia mtu kuinama kwenye beseni.

Uliyoyasikia ni kweli, ila si yote. Serikali iliahidi mbele ya mataifa kwamba tutapunguza hewa chafu inayobadilisha tabianchi. Kuahidi ni rahisi. Sasa muswada umefika kwenye kamati yetu, unasema ndani ya miaka kumi tupunguze theluthi ya moshi wa nchi nzima, mitambo ya umeme, viwanda na magari. Wako wanaotaka sehemu moja tu ya kumi. Hapo ndipo pana vita.

Mwenzetu mmoja mwenye sauti nene alisimama akasema sisi katika nyumba hii ya dunia ni wapangaji wa chumba cha uani. Waliopika ni wenye sebule, iweje masizi tufute sisi? Nikapiga meza mpaka kiganja kikauma. Akaja mama mmoja wa Hazina, mdogo wa umbo, akasema kuna daraja amelilipia mara tatu tangu aanze kazi, na kila mara mafuriko yanalichukua. Hiyo nayo ni gharama ya moshi, akasema, ila haina risiti. Nikapiga meza tena. Jirani yangu akaniuliza niko upande gani. Nikamjibu niko kiti cha arobaini na mbili.

Nitakavyopiga kura usiniulize. Nikikuambia wewe nimekiambia kiwanda kizima.

Salamu za kaka zimefika. Kaka yangu huyo hakuwahi kumtumia mtu salamu tangu tukiwa watoto, na hata barua yake ya posa ilikuwa mistari miwili. Nashukuru uzee umemlainisha.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimecheka, isipokuwa mwishoni. Baba hajambo. Mama anasema mguu wa kiti ni kazi ya nusu saa kwa anayejua, basi kiti chako kinateseka bure. Mkweo sasa hataki harufu ya kitunguu pia, kwa hiyo napika. Nimejenga chumba cha mtoto nyuma ya chetu. Ukuta mmoja umepinda kidogo, lakini nimeweka kabati hapo na hakuna anayejua ila wewe.

Nikueleze tanuru, kwa maana naona huko mnalizungumza kama jiko la mkaa, unaliwasha asubuhi unalizima jioni. Tanuru la vioo haliguswi. Likishawaka linawaka miaka, usiku na mchana, sikukuu na siku ya msiba. Mchanga na magadi vinaingia upande huu, vinayeyuka, na chupa zinatoka upande ule. Moto ukikatika kwa muda, kioo kinagandia ndani kama nta, matofali yanapasuka, na hapo huna tanuru, una jiwe kubwa la bei ghali.

Sasa watu wamesikia kwamba dawa ya muswada wenu ni tanuru la umeme. Umeme huu huu wa kwetu, Shangazi? Juzi umekatika kinyozi akiwa katikati ya kichwa cha mwalimu, na mwalimu kaingia darasani vile vile.

Tulikuwa na mkutano wa chama cha wafanyakazi kwenye bwalo la chakula. Palikuwa na joto la maneno. Watu wa yadi ya mafuta wanasema tanuru likiwa la umeme wao hawana kazi, na hilo ni kweli, hakuna namna ya kulipamba. Mwishowe wamechagua watu wanne waje mbele ya kamati yenu wapinge theluthi. Mtawaona mwezi ujao. Wapokeeni vizuri.

Wote wanakusalimu.

Mwanao,
Chupa


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama, na kwamba mkwe wangu ni mzima, na wifi yangu, na kaka yangu.

Uliniandikia, "Mtawaona." Basi tuliwaona. Mlango wa ukumbi wa kamati ulifunguliwa, wakaingia watu wanne, na wa pili alikuwa mrefu mwenye koti la kaka yangu, lile la kijivu lenye vifungo visivyolingana. Mikono yako ilikuwa inatafuta mifuko ambayo koti hilo halina. Niliinua mkono nikamwambia mwenyekiti, "Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni natamka kwamba huyu wa pili ni mtoto wa kaka yangu." Waheshimiwa wakacheka. Wewe hukucheka.

Ulisema vizuri. Nakuambia hivyo kama mjumbe wa kamati. Hukupiga kelele, ulieleza moto na umeme kama ulivyonieleza mimi, na ulipokosea bei ya umeme wa viwandani yule mama wa Hazina akakusahihisha, ukakubali ukaendelea. Wengi hufika pale wakiwa tayari kufa na kosa lao.

Kisha nikakuuliza mimi. Nilikuuliza, kama ungehakikishiwa umeme usiokatika, tanuru jipya ungelijenga la nini? Ukanitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, ukasema, "Mheshimiwa, sikutumwa kujibu hilo." Likaandikwa hivyo.

Jioni nilipika. Nilikopa kiti kwa jirani ili tuwe na viti viwili vya kweli. Nikangoja mpaka chakula kikapoa, nikala, nikafunika kilichobaki, na kesho yake nikampa mlinzi wa maegesho. Aliniambia wageni wanne wa kiwandani walilala nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi.

Sikuandikii kwa hasira. Nakuandikia ujue kwamba kilibaki.

Shangazi yako


Tarehe 2 Juni

Shangazi mpendwa,

Kwanza la furaha, kwa sababu ndilo kubwa. Mkweo amejifungua mtoto wa kike katikati ya mwezi uliopita. Wote wawili wana afya. Shingo, Mungu amemhurumia, ni ya upande wa mama yake. Analia kwa sauti ya kamati nzima. Baba alimpokea mikononi akakaa naye uani mpaka miguu ikafa ganzi, na alipotaka kusimama ikabidi tumwinue yeye na mtoto pamoja.

Nimechelewa kukujibu, na nisiseme ni kwa ajili ya mtoto. Kila nilipochukua kalamu niliona chakula kimefunikwa.

Sikuja kwako kwa sababu wenzangu watatu walikuwa nami. Hawakunikataza. Tulipotoka nje ya geti la Bunge mmoja wao alisema tu, taratibu, kwamba nikienda kula kwa mbunge, tukirudi nyumbani watu watauliza nimelishwa nini. Nikaona ni kweli. Nikala mkate na chai stendi. Wala kukuambia mapema kwamba nimechaguliwa sikuweza. Ningeanzaje? "Shangazi, nakuja kukupinga, niwekee mahali pa kulala"?

Swali lako lilisafiri nasi. Basi halijatoka mjini, yule yule aliyesema habari ya kulishwa akaniuliza, "Kweli, ungejenga la nini?" Nikasema la umeme. Nikadhani atanishusha njiani. Akasema hata yeye, kama umeme ungekuwa umeme kweli, maana mapafu ya kaka yake wa yadi ya mafuta anayajua. Tulibishana mpaka abiria wengine wakauingilia ubishi, na mama mmoja aliyekuwa amelala akaamka akawa upande wa serikali.

La mwisho ni zito kidogo. Salamu za Baba nilizokuandikia zilikuwa zangu. Yeye hakusema kitu. Tangu muswada uanze kutajwa redioni, jina lako likitajwa anatoka nje. Nilidhani amekukasirikia kwa siasa zako, na mimi, mjinga, nikawa natuma salamu kama mtu anayepaka rangi ukuta wenye maji.

Wiki iliyopita Mama alinieleza. Wakati wa kampeni, siku moja ambayo wewe ulikuwa mtaa mwingine, Baba alisimama getini zamu zikibadilishana, akawaambia wenzake wa zamani, "Mpeni kura dada yangu, na moto huu hautazimwa." Hakuna aliyemtuma. Baba, asiyesema sentensi mbili kwa siku, alisema hiyo moja, na watu wakaishika. Kila mkutano wa chama mtu anaitaja. Hajakukasirikia, Shangazi. Anaona haya. Alikutolea ahadi ambayo hukuitoa, na sasa hajui amwambie nani, wewe au wao.

Mtoto amelia. Nakomea hapa.

Mwanao,
Chupa


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Hongera, hongera tena. Nimemwonyesha mlinzi wa maegesho picha ya mtoto uliyoitia kwenye bahasha, na waziri akangoja geti.

Habari ya kaka imenikalisha. Mimi miezi yote hii nilijiambia kwamba anadhani cheo kimenilevya. Nilikuwa nimeshatunga hotuba ya kumjibu, nzuri kweli, na sasa haina kazi.

Usimwambie kwamba najua. Mwache. Mtu aliyebeba mzigo mzito usimpigie kelele akiwa kwenye ngazi.

Kura ni mwanzoni mwa Julai. Nakuambia jambo moja, nawe ulikalie: swali nililokuuliza halikuwa mtego. Nilikuwa sijui jibu, na wewe ndiye niliyekuwa naye ukumbini wa kumuuliza.

Ya chakula yameisha. Ningekuwa mimi, na mimi ningekula mkate stendi.

Shangazi yako


Tarehe 5 Julai

Shangazi,

Naandika kwa haraka, dereva wa basi la asubuhi anangoja. Baba ameondoka jana. Alimwambia Mama anakwenda kwa daktari wa macho, lakini kavaa viatu vizuri na kachukua mfuko wake wa zana. Simu yake iko juu ya kabati, yako imezimwa. Daktari gani wa macho anahitaji patasi? Kama yuko huko, tuambie. Kama hayuko, tuambie pia.

Chupa


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Yuko hapa. Nilimwomba jirani ampigie wifi siku ile ile barua yako ilipofika, kwa hiyo naamini mmeshalala usingizi. Macho yake hayana ubaya wowote.

Nilirudi kutoka ukumbini nikamkuta kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mfuko magotini, kama mtu aliyeletwa na maji. Nikamsalimia, akaitikia. Nikafungua mlango. Akatazama chumba chote, akatazama kiti, akakipindua, na kabla sijachemsha chai kilikuwa na mguu. Tukala. Nilimweleza habari za Bunge, akanieleza habari za mjukuu, na ya tanuru hakuna aliyeyagusa. Asubuhi akauliza kama mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nikamwambia pale juu, kwenye roshani ya wageni. Akaomba pasi.

Mjadala ulichukua siku nzima. Yule mwenye sauti nene alirudia habari za masizi, na bado ana haki, hakuna aliyemjibu sawasawa. Ilipofika zamu yangu nilisimama. Nilisema nitaunga mkono theluthi, kwa sababu daraja halisubiri tumalize kubishana na wenye sebule, na kwa sababu tanuru likijengwa leo la mafuta litatufunga miaka kumi na mitano mbele. Lakini nikasema pia kwamba gharama isitupwe mlangoni kwa mtu mmoja. Nilileta marekebisho: tozo ya mafuta mazito isianze mpaka njia ya umeme mkubwa iwe imefika kwenye miji yenye viwanda vya moto, na wanaopoteza kazi wapewe mafunzo na mshahara wakiwa mafunzoni. Niliomba mshahara wa miaka mitano. Wakanipa mitatu. Nilipiga hesabu ya kura za watu wangu, nikaona nikikataa mitatu nitapata sifuri. Nikakubali. Watu wa yadi ya mafuta wana haki ya kuninunia kwa ile miwili.

Theluthi ilipita kwa tofauti ya kura chache sana. Upande wangu wa ukumbi hawakunipigia meza.

Nilimkuta kaka chini, karibu na mahali pa kuacha miavuli. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Watu walikuwa wanapita.

Akasema, "Nilikutolea neno getini bila kukuuliza."

"Neno gani?" nikauliza, ili aliseme.

Akalisema lote, kama ulivyoniandikia. Halafu akasema, "Leo nimekusikia. Utazimwa."

"Utazimwa, kaka. Na utawashwa mwingine, umeme ukifika."

Akauliza, "Na usipofika?"

Nikamwambia usipofika, basi mimi ndiye wa kuulizwa, si yeye, na namba yangu ya simu kila mtu anayo. Hapo akacheka, mwanangu. Sijamwona akicheka hivyo tangu mama yetu alipokuwa hai. Nikajitolea kurudi naye tukaseme getini pamoja. Akakataa. Akasema neno alilipeleka mwenyewe, atakwenda kulichukua mwenyewe.

Anarudi kesho. Amenitengenezea pia mlango wa kabati. Wimbo wa bomba umemshinda.

Shangazi yako


Tarehe 25 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Kimya chetu kisikutie wasiwasi, ni kazi tu. Mtoto anakaa mwenyewe na ana jino moja analolitumia bila huruma. Mkweo anapenda tena sabuni, lakini nguo bado nafua mimi. Nimejaribu kurudisha kazi, haipokelewi. Mama anakushukuru kwa kitambaa ulichomtumia, anasema ni kizuri mno kuvaa na hatakivaa.

Baba alikwenda getini Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi kwako. Nilikuwa natoka zamu, nikasimama nyuma. Hakupanda juu ya kitu. Alisema, "Niliwaambia hautazimwa. Utazimwa. Dada yangu hakusema, nilisema mimi." Basi. Baadhi waliguna. Mzee wa yadi ya mafuta, aliyefanya naye kazi ujana wote, yule wanayemwita Pipa, alimwambia mbele ya watu kwamba ahadi za familia yetu zinayeyuka kabla ya vioo.  Baba alibaki pale mpaka zamu yote ikapita, ili kila mwenye la kusema amwone usoni. Tangu hapo analala vizuri, Mama anasema, na kukoroma kumerudi.

Nguzo za umeme mkubwa zimefika hadi njia panda, na wanachimba za upande wetu. Wenye kiwanda wamekubali la umeme, na jenereta kubwa la akiba, maana hakuna aliyemsahau mwalimu wa kinyozi. Si kila kitu ni asali. Bei ya chupa itapanda, na kiwanda cha soda kimeshapunguza oda. Watu kumi na wawili wa yadi ya mafuta wameandikishwa mafunzoni, wawili wameondoka wakitusema. Mimi niko kwenye kikosi cha umeme. Kila siku naulizwa kama nina hakika. Nasema nina matumaini na jenereta.

Wiki mbili zilizopita tanuru lilizimwa. Tulikitoa kioo chote kilichoyeyuka, kikaingia kwenye maji kikipasuka vipande vipande, kisha vichomeo vikafungwa kimoja kimoja. Mji mzima ukasikia. Yaani ulisikia kimya. Mbwa walianza kubweka, na mkweo akaniambia ndiyo mara ya kwanza amesikia saa ya ukutani kwetu ikitembea.

Kupoa kumechukua siku nyingi. Juzi wajenzi walivunja mlango wa ubavuni, nikaomba ruhusa, nikamleta Baba. Unajua alikaa na tanuru lile maisha yake yote ya kazi, lakini amelitazama kupitia kioo cheusi cha mkononi, kwenye tundu la ukubwa wa sahani. Mara ya mwisho lilipojengwa upya, wajenzi wa nje walifunga geti, na wenyeji wakapewa likizo.

Akainama, akaingia. Nikamfuata na taa. Ndani kulikuwa na harufu ya vumbi na chumvi. Kuta zimelika kwa mawimbi, zinang'aa kijani mahali kioo kilipobaki. Alisimama katikati akainua mkono, akagusa dari la upinde karibu na ukuta. Akazunguka taratibu.

Akasema, "Kumbe ni padogo hivi."

Nikainua taa juu zaidi. Tukasikia viatu nyuma yetu. Mzee Pipa ameingia, kavaa kofia ya mafunzoni, wala hakusalimia. Alisimama upande wa pili, akatazama juu, akatazama chini, akasema ukuta wa kusini ndio ulioanza kulika, alikuwa akisema siku zote na hakuna aliyemsikiliza. Baba akamwambia hajui anachosema, ni wa kaskazini, akamshika mkono akamvuta kumwonyesha. Nikawaachia taa, nikawaacha humo ndani wakibishana, nikaenda kula.

Mwanao,
Chupa